Njia ya maji kutoka: nilichojifunza usiku tanki lilipofurika

Usiku ambao dari ya nyumba yetu iliporomoka kwa maji, bomba la ovaflo, yaani la kutolea maji tanki likijaa kupita kiasi, lilikuwa wazi na lilikuwa likimwaga maji nje kama lilivyowekwa limwage. Halikuwa limeziba, halikuwa limepasuka, wala hakuna aliyelifunga. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu wengi niliowasimulia mkasa huu huniuliza kwanza kama tanki lilikuwa na ovaflo, na nikijibu kwamba lilikuwa nayo, hudhani kulikuwa na uchafu ndani. Kilichotuponza ni kwamba bomba lenyewe lilikuwa dogo kuliko kazi iliyolisubiri, na udogo huo tuliulipia kwa dari mbili, kitanda cha mtoto na karibu miezi miwili ya kuishi katika nyumba yenye harufu ya ukungu.

Tulihamia Goba mwaka 2020, nyumba ikiwa haijakamilika, kama ilivyo kwa wengi wetu tunaojenga kidogo kidogo. Mfumo wetu wa maji ulikuwa wa namna utakayoikuta katika nyumba nyingi za Dar es Salaam: maji ya mamlaka yanaingia kwenye tanki la chini la lita 5,000 lililochimbiwa uani, pampu ya nguvu ya farasi moja inayapandisha hadi tanki la juu la lita 2,000, na kutoka huko yanashuka yenyewe kwenda jikoni na bafuni. Tanki la juu lilikaa ndani ya paa, juu ya slabu ya bafu na stoo. Bomba la kupandishia maji lilikuwa la inchi moja, ndani ya tanki mlikuwa na boya la kufunga maji yakijaa, na chini kidogo ya mfuniko palitobolewa tundu la ovaflo.

Fundi aliniuliza anitilie bomba la ukubwa gani kwenye tundu hilo. Yeye mwenyewe alipendekeza nusu inchi, akasema, "Mama, ovaflo ni ya dharura tu, maji yake ni machache." Tulikuwa na mabaki ya mabomba ya PPR, yale ya plastiki ngumu, ya nusu inchi yaliyosalia bafuni, na kwa kuyatumia nilikuwa naokoa kama shilingi 40,000. Nikakubali. Kwa kuwa mbele ya nyumba tayari palikuwa pamepakwa rangi, nilimwomba alipeleke bomba nyuma, naye akalilaza juu ya dari kwa mita sita, kona nne, karibu bila mteremko wowote. Simlaumu yeye peke yake. Niliulizwa, nikachagua kwa kuangalia bei, na sikumwuliza swali moja ambalo lingetuokoa: pampu ikisukuma na boya lisipofunga, je, bomba hili linaweza kuyatoa maji kwa kasi ile ile yanayoingia?

Kwa miaka miwili hakuna kilichotokea, kwa sababu boya lilikuwa likifunga. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2022, mvua zikachelewa, maji ya Mto Ruvu yakapungua na jiji likaingia kwenye mgao. Kwetu maji yalitoka usiku wa manane kwa siku chache za wiki, na yalikuja na mchanga na kutu ya mabomba yaliyokaa makavu. Tulijizoesha kuwasha pampu usiku, tanki la juu likijaa boya linafunga, kisha mmoja wetu anaizima kabla ya kulala. Usiku mmoja wa Novemba umeme ulikatika pampu ikiwa inafanya kazi na tanki likiwa limefika nusu. Mume wangu alikuwa safarini Dodoma. Nilisubiri umeme, nikachoka, nikalala bila kuzima swichi ya pampu.

Umeme ulirudi mnamo saa saba. Najua hivyo kwa sababu taa ya varanda iliwaka, nikaiona kwa jicho moja nikageukia upande wa pili. Kilichoniamsha baadaye kilikuwa sauti niliyoidhani ni mvua juu ya bati. Nilifurahi, nikasema moyoni kwamba vuli imefika. Nilipokwenda sebuleni kufunga dirisha, nikakanyaga maji. Taa ya katikati ya dari ilikuwa ikidondosha maji kupitia tundu la nyaya zake, na jipsamu kando yake ilikuwa imeshuka na kuvimba kama gunia lililojazwa kupita kiasi, rangi yake imenyooka na kung'aa, na kwenye maungio ya bodi palikuwa na mistari ya unyevu iliyokuwa ikirefuka huku naitazama.

Hapo nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Nilikimbilia getini kufunga koki ya mamlaka. Katika akili yangu maji yanatoka barabarani, kwa hiyo ukitaka yakome unafunga ya barabarani. Lakini maji yaliyokuwa yakimwagika yalikuwa tayari yapo uani, ndani ya tanki la chini, na pampu ilikuwa ikiendelea kuyapandisha. Nilipoteza kama dakika kumi nikihangaika na koki iliyoshika kutu. Niliporudi ndani nilimtoa mtoto chumbani kwake, na tulikuwa bado tumesimama mlangoni dari ya chumba hicho ilipoanguka kitandani kwa kishindo, pamoja na maji na pamba ya kuzuia joto. Ndipo nilipozima swichi kuu ya umeme, na ndani ya sekunde chache sauti ya mvua ikakoma. Kama ungekumbuka jambo moja tu katika haya ninayoyaandika, likumbuke hili: maji yakishuka kutoka darini na nyumba yako ina pampu, zima umeme kwanza, kwa sababu kunasimamisha pampu na kunaondoa hatari ya nyaya zilizolowa kwa wakati mmoja. Jirani aliyekuja kusaidia alinionyesha jambo la pili ambalo sikulijua. Alichukua mti wa ufagio akatoboa uvimbe wa dari ya sebuleni huku ameweka beseni chini, maji yakatoka taratibu kwenye tundu moja badala ya kuiangusha bodi yote. Dari ya sebuleni hata hivyo ililazimika kubadilishwa, lakini haikumwangukia mtu.

Asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba. Ovaflo ilikuwa bado ikidondosha matone ya mwisho, na ardhi chini yake ilikuwa na kishimo kilichochimbwa na maji. Maana yake ilikuwa imefanya kazi usiku kucha, na jambo hilo lilinitia hasira na mshangao. Fundi wa kwanza hakupokea simu. Shemeji alinitafutia mzee mmoja wa Mbezi aliyewahi kufanya kazi ya mabomba katika viwanda vya mkonge Tanga, ambaye baada ya kuitikia shikamoo yangu hakugusa kitu chochote kwa muda mrefu. Aliomba ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Kwanza alikinga maji ya bomba la kupandishia, juu tankini. Ndoo ilijaa kwa sekunde 20. Kisha akalifunga boya kwa kamba lisiweze kufunga, akaacha pampu ijaze tanki hadi karibu na mfuniko, na akaniambia nishike ndoo nyuma ya nyumba kwenye mdomo wa ovaflo huku yeye akiwasha na kuzima pampu ili maji yasivuke ukingo. Nilisimama pale nikitazama uzi mwembamba wa maji usio na haraka yoyote, na ndoo ilichukua dakika tano kujaa. Hesabu haikuhitaji elimu kubwa. Zilikuwa zikiingia lita 60 kwa dakika na kutoka lita nne. Lita 56 zilizobaki za kila dakika hazikuwa na njia nyingine isipokuwa chini ya mfuniko, juu ya slabu, na kutoka hapo kwenda darini. Kwa dakika 40 hivi nilizokuwa nimelala baada ya tanki kujaa na boya kushindwa kufunga, ni zaidi ya lita 2,000, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tulikuwa tumemwagiwa tani mbili vichwani.

Mzee alikata kipande cha bomba lile akakiweka kiganjani mwangu. Kwa nje lina milimita 20, na ndivyo linavyouzwa, lakini bomba la PPR la maji ya moto lina ukuta mnene na tundu lake halifiki milimita 14. Nilijaribu kuingiza kidole cha shahada, hakikuingia. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiamini kwamba bomba hilo ni pana kuliko hivyo. Tangu siku ile nikinunua bomba natazama tundu, na bei naiuliza baadaye.

Lakini udogo wa tundu peke yake haukueleza tofauti yote, kwa sababu bomba la kuingizia nalo lilikuwa la PPR, na eneo la tundu lake halizidi la ovaflo hata mara tatu. Mbona basi maji yaliingia kwa wingi mara kumi na tano? Mzee alinijibu kwa maneno machache: "Binti yangu, kuingia yanasukumwa. Kutoka yanateremka tu." Pampu yetu ilikuwa ikiyasukuma maji kwa presha ya kuyainua zaidi ya mita 15, ikiwa ni pamoja na msuguano wa bombani. Ovaflo haina pampu. Kinachoyasukuma maji kuingia humo ni kimo chake tu juu ya tundu, na kati ya tundu letu na ukingo wa tanki palikuwa na vidole vinne, yaani kama sentimita nane. Nguvu hiyo ndogo ndiyo iliyotakiwa iyapitishe maji katika mita sita za bomba jembamba, lililolala, lenye kona nne, na kila mita na kila kona ilikuwa ikila sehemu yake.

Mpwa wangu anayesomea uhandisi alinifafanulia zaidi baadaye, nami nayaandika hapa kwa sababu yalinisaidia kuelewa kwa nini tanki haliwezi kujiokoa lenyewe. Mtaliano Evangelista Torricelli alieleza mwaka 1644 kwamba mwendo wa maji yanayotoka kwenye tundu hutegemea kimo cha maji juu ya tundu hilo, lakini haviongezeki kwa uwiano sawa: ili mwendo uongezeke mara mbili, kimo lazima kiongezeke mara nne. Maji yaliyo sentimita tano juu ya tundu hayawezi kutoka kwa mwendo unaozidi mita moja kwa sekunde, hata msuguano usipokuwepo kabisa, na ukitaka mita mbili kwa sekunde unahitaji sentimita 20, ambazo tanki la nyumbani halina. Kwa upande wa kipenyo, hali ni kinyume na inatupendelea: bomba lenye tundu pana mara mbili lina eneo mara nne, na msuguano wake ni mdogo zaidi. Kwa hiyo ukitaka ovaflo itoe maji mengi, usitegemee kimo. Ongeza upana, punguza urefu, ondoa kona.

Ndivyo tulivyofanya. Mzee aliziba tundu la zamani akatoboa jipya, sentimita 12 chini ya ukingo, akafunga bomba la plastiki la inchi mbili, la aina inayotumika kwa maji taka, likatoka moja kwa moja kupitia ukuta wa karibu kwa mita mbili na nusu na kona moja pana, likishuka sentimita mbili kwa kila mita. Kwa kushusha tundu tulipoteza lita kadhaa za akiba. Nilisita, kwa kuwa mgao ulikuwa bado haujaisha, lakini nafasi ile ya juu ndiyo inayoyapa maji kimo cha kuyasukuma nje, na pia inauacha mdomo wa bomba la kuingizia juu ya maji siku zote. Mdomo huo ukizama na koki ya kuzuia maji kurudi ikawa imechoka, pampu ikizimwa tanki linaweza kujinyonya na maji yake kurudi chini hadi mdomo huo utokeze juu ya maji.

Sitasahau jaribio la siku hiyo. Boya likafungwa kwa kamba tena, pampu ikawashwa, na mimi nikapanda juu ya slabu na tochi nione kwa macho yangu. Maji yalifika kwenye tundu, yakaanza kulamba ukingo wake wa chini, yakapanda, yakalifunika kabisa, nami moyo ukaanza kwenda mbio. Kisha yakapunguza mwendo wa kupanda. Yakasimama vidole vitatu chini ya ukingo wa tanki, yakitetemeka kidogo usoni, na kwa dakika kumi nzima hayakuongezeka wala kupungua, ingawa pampu ilikuwa ikinguruma na nje maji yalikuwa yakianguka kwa kishindo. Maji yalikuwa yamejitafutia kimo ambacho kinachotoka kinalingana na kinachoingia. Kila tanki linalofurika hutafuta kimo hicho, na fundi ana wajibu wa kuhakikisha kwamba kinapatikana chini ya mfuniko.

Gharama nitazisema wazi. Dari mbili zilinigharimu shilingi 1,380,000 pamoja na rangi, fundi umeme 210,000, na godoro 180,000. Bomba jipya la ovaflo, pamoja na kazi ya mzee, lilikuwa shilingi 96,000.

Ningependa kusema kwamba hapo nilikuwa nimekwisha kujifunza, lakini nilifanya kosa la pili, na hili lilitokana na uchungu wa maji kupotea. Januari 2023 nilimshurutisha mzee aelekeze ovaflo irudi kwenye tanki la chini, ili siku boya likikwama maji yasiende bure. Alinikatalia mara mbili, akasema ovaflo lazima ionekane. Nikasisitiza, na kwa kuwa nyumba ni yangu, akafanya. Miezi michache baadaye chembe za mchanga zililikwamisha boya asubuhi moja, nami nikaenda kazini nikiwa nimeisahau pampu. Kwa saa 11 maji yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, bila tone moja kumwagika na bila mtu yeyote kugundua. Niliporudi jioni umeme wa LUKU ulikuwa umekatika, uniti tisa zilikuwa zimekwisha, pampu ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika, na sili yake ilikuwa imeanza kuvuja. Ovaflo ikionekana inakuita. Ikifichwa inakunyamazia, na tatizo linaendelea kukua huko ndani.

Sasa bomba letu linamwaga mbele ya mlango wa jikoni, juu ya sakafu ya zege yenye mfereji unaopeleka maji kwenye migomba, mbali na msingi wa nyumba. Tumeongeza swichi ya boya katika matanki yote mawili, ile ya juu izime pampu maji yakijaa na ile ya chini iizime yakiisha. Kuzunguka tanki la juu tumejenga kingo fupi ya zege yenye bomba lake la kutolea maji, kwa siku ambayo tanki lenyewe litapasuka. Mdomo wa ovaflo una wavu wa mbu, jambo ambalo hakuna aliyepitia homa ya dengi ya mwaka 2019 hapa Dar es Salaam atalipuuza, lakini kwa kuwa nyuzi za wavu zinapunguza nafasi ya maji, mzee aliupanua kwanza mwisho wa bomba hadi inchi tatu ndipo akaufunga. Nimeona nyumba ambazo watu wameweka koki kwenye ovaflo ili wadudu wasiingie. Tafadhali, kama unayo, iondoe. Nimeona pia ovaflo iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la choo, na huko hewa chafu na mende hupanda hadi kwenye maji ya kunywa.

Kila mwisho wa Februari, kabla ya masika, tunalirudia jaribio. Nafunga boya kwa kamba, naishikilia juu swichi ya tanki la juu isizime, mtoto anasimama mlango wa jikoni na kuniambia kwa sauti maji yanapoanza kuanguka, nami napima kwa vidole kutoka ukingoni. Mwaka jana maji yalisimama kidole kimoja na nusu tu chini ya ukingo badala ya vitatu. Nilizima pampu, nikafungua wavu, na nyuma yake nikakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo kilichochukua karibu nusu ya tundu. Tulikivunja kwa fito, tukausuuza wavu, tukawasha pampu upya. Maji yakapanda, yakafunika tundu, yakasimama kwenye vidole vitatu.